Mafundo kwanza, maji baadaye: ngozi kavu na manyoya yaliyosokotana kwa paka

Paka wa manyoya marefu, awe Persian au chotara, akianza kutoa mba na kushikana manyoya, wengi hukimbilia beseni. Hapo ndipo mambo huharibika. Fundo likilowa hubana zaidi, maji hukwama ndani yake, na ngozi iliyo chini hubaki na unyevu mpaka iwe nyekundu na kunuka. Mafundo yatolewe yakiwa makavu.

Chanzo cha mafundo ni manyoya mafupi ya ndani, yale laini kama pamba. Yakinyonyoka hayadondoki, hunaswa na manyoya marefu ya juu, na penye msuguano hujisokota: nyuma ya masikio, kwapani, tumboni, kinenani, nyuma ya mapaja, chini ya kola. Brashi hupita juujuu tu. Paka anapendeza ilhali chini kumeshashikana. Kinachotakiwa ni chanuo la chuma, kwanza la meno mapana, kisha la meno ya karibu. Kwa Persian, kila siku. Likipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, hapo pamechanwa vya kutosha.

Fundo lifungue paka akiwa ameshiba na anasinzia. Nyunyizia wanga mweupe wa mahindi, ule wa kuongezea mchuzi uzito, si unga wa ugali. Kijiko kimoja cha chai kinatosha fundo la ukubwa wa kidole gumba. Poda ya mtoto iache, paka ataivuta puani na kuilamba. Sugua wanga uingie ndani, kisha bana shina la fundo kwa vidole viwili, kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie vidoleni mwako. Ligawe vipande viwili au vitatu kwa kufuata urefu wa manyoya. Anza kuchana nchani kwa meno ya pembeni ya chanuo, ukiingia kidogo kidogo kuelekea ngozini. Ukianzia shinani unalikaza na kumuumiza. Akianza kupiga mkia au kulaza masikio, acha, umalizie kesho. Paka aliyelazimishwa leo hatakubali chanuo wiki nzima.

Mkasi usiuguse kabisa. Ngozi ya paka ni nyembamba, na fundo huivuta juu ikajificha ndani yake. Unadhani unakata manyoya, kumbe umefungua jeraha la kushonwa. Fundo lisiloruhusu chanuo kupita kati yake na ngozi linyolewe kwa mashine yenye wembe namba 10, ikilazwa sambamba na ngozi iliyovutwa ikanyooka. Uguse wembe kila baada ya dakika mbili tatu, kwa kuwa hupata moto. Mafundo yakishaungana mwili mzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo amnyoe akiwa amelala kwa dawa.

Sasa itazame ngozi. Mba mweupe kiunoni karibu na mkia, kwa paka mnene au mzee, mara nyingi humaanisha hafiki hapo kujilamba, kwa unene au maumivu ya viungo. Kumpaka mafuta hakutamsaidia. Vipunje vyeusi vinavyoacha wekundu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa ni kinyesi cha viroboto. Mba unaotembea ni utitiri. Viduara vilivyonyonyoka vyenye magamba huenda ni choa. Utitiri huo na choa humpata binadamu pia, kwa hiyo nawa mikono na umwone daktari mapema.

Kama hakuna vyote hivyo, angalia bakuli. Wali na mchuzi haumtoshi paka: anahitaji nyama, kwa sababu mwili wake hautengenezi baadhi ya mafuta muhimu kutoka kwenye mafuta ya mimea. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, pamoja na yaliyo kwenye chakula. Anayekula chakula kikavu pekee aongezewe cha kopo, au supu ya kuku isiyo na chumvi wala vitunguu. Mafuta ya samaki yanafaa kwa kipimo cha daktari. Ya ini la samaki ni kitu kingine: vitamini A yake ikizidi ni sumu. Mabadiliko ya ngozi hutarajiwi kuyaona kabla ya wiki 4 hadi 8.

Kuoga kuje baada ya kuchana, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka, kusizidi mara moja kwa wiki 4 hadi 6. Suuza mpaka utelezi uishe. Mabaki ya shampuu hukausha ngozi upya. Mafuta ya mti wa chai, dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini visimguse. Permethrini humtia paka mtetemeko na degedege, na huua.

Paka mzee akianza kupata mafundo ghafla ingawa anachanwa, mfungue mdomo: jino bovu humzuia kujilamba. Akiwa anakonda na kunywa maji mengi kuliko kawaida, apimwe damu, maana figo, kisukari na tezi ya shingo huanza kujionyesha kwenye manyoya.