Dengi ikianza kutoa damu, usihesabu chembe sahani tu

Mgonjwa wa dengi aliyelazwa akitoka damu puani au kwenye fizi, swali la kwanza la ndugu, na la wahudumu wengi pia, ni chembe sahani, zile seli ndogo zinazosaidia damu kuganda, zimebaki ngapi. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Mwenye 15,000 kwa mikrolita moja ya damu anaweza kuketi anakunywa uji bila kutoka tone, na mwenye 60,000 akawa anavuja damu tumboni.

Kutoka damu nyingi huletwa zaidi na mshtuko, yaani mzunguko wa damu kushindwa kulisha viungo, uliochelewa kutibiwa. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, mishipa midogo huvujisha plazma, yaani majimaji ya damu. Mzunguko ukilegea kwa saa kadhaa, viungo hukosa oksijeni, tindikali hupanda na ugandaji wa damu huvurugika. Kwa hiyo homa ikishuka, usikimbilie kuandika ruhusa. Tazama pengo kati ya presha ya juu na ya chini: 100/85 inaonekana nzuri, kumbe pengo la 20 au chini yake, mikono ikiwa baridi, ni mshtuko tayari. Mpe dripu ya Ringa laktate au saline (maji ya chumvi), ml 5 hadi 10 kwa kila kilo ndani ya saa moja, kisha upunguze hatua kwa hatua.

Kipimo cha kushikilia ni hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo seli nyekundu, kabla na baada ya maji hayo, halafu kila saa 4 hadi 6. Ikishuka kutoka 50 hadi 40, mapigo yametulia na mkojo unatoka, heri. Ikishuka hivyohivyo huku mapigo yanakwenda mbio na presha haishikiki, anavuja damu ndani, hata kama choo bado hakijawa cheusi. Hapa wengi hunaswa, maana 40 inafanana na ya mtu mzima wa afya. Kuongeza dripu ni kuizimua damu iliyobaki, na kungoja ifike 30 ni kuchelewa. Toa seli nyekundu ml 5 hadi 10 kwa kilo, au damu nzima iliyotolewa karibuni ml 10 hadi 20. Kwa mtu wa kilo 60, seli nyekundu ni ml 300 hadi 600. Kundi la damu lipimwe mapema, dalili za hatari zinapoanza. Kutafuta wachangiaji usiku hula saa nyingi.

Sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, tuliyoizoea mno, ina makosa mawili kwa mpigo: inadhoofisha chembe sahani na kuchubua tumbo, na inatoboa msuli utakaovimba damu. Paracetamol inatosha, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mtu mzima. Mrija wa tumbo usipitie puani. Ukilazimika, pitisha mdomoni ukiwa umepakwa jeli. Wanawake waulizwe hedhi na pedi zihesabiwe, kwa kuwa wengi hawasemi wenyewe.

Kumwongezea chembe sahani asiyetoka damu hakumkingi. Utafiti wa Singapore na Malaysia uliochapishwa 2017, kwa watu wazima wenye 20,000 au chini, haukuona kutoka damu kukipungua. Madhara ndiyo yaliongezeka.

Uvujaji wa plazma hukoma baada ya saa 24 hadi 48, nayo hurudi mishipani. Dripu ikiendelea hapo, maji huishia mapafuni. Mgonjwa akianza kuhema na kope kuvimba, ifunge.