Mwandishi wa safu asiye na mrengo? Mimi nilianza kwa makasi

Ndugu, umeuliza kama kuna mwandishi wa safu za siasa hapa Kenya unayeweza kumsoma bila kuona jezi ya chama chini ya shati lake. Wengi wamekujibu kwamba wote wamenunuliwa, ni githeri media tupu (jina la kejeli la vyombo vya habari vinavyoibeba serikali), funga gazeti ulale. Nimezisoma safu hizi zaidi ya miaka ishirini na jibu hilo sinalo.

Kwanza ujue anayeongea ni nani. Mimi ni mliberali, mtu wa Katiba ya 2010 na haki za binadamu, na marehemu Raila nilimpigia kura tangu 2007. Hapo pima mwenyewe.

Ninafanya kazi kwenye kiduka cha kutoa nakala karibu na bustani ya Jeevanjee, Nairobi. Saa ya chakula cha mchana huvuka nikakae na wale wa Bunge la Mwananchi, wanaobishana siasa kwenye viti vya bustani. Siku moja mwaka 2023 nilibeba nakala mbili za safu za zamani, nikakata majina na picha za waandishi kwa makasi, nikampa mzee mmoja mwenye sauti nzito azisome.

Ya kwanza ilikuwa ile ya David Ndii ya Machi 2016, aliyoifananisha Kenya na ndoa ya mateso na kusema wakati wa kuzungumzia talaka umefika. Wafuasi wa serikali wakaguna. Mchochezi huyu, wa Azimio ya Raila, ashikwe! Nikatoa mfukoni kile kipande nilichokata. Wakati huo Ndii alikuwa mwenyekiti wa baraza la washauri wa kiuchumi wa Rais Ruto. Jamaa aliyetaka ashikwe akaiomba karatasi, akaisoma tena polepole midomo ikicheza, akasema, "Lakini ana pointi."

Sisi wa upande wa Raila tukacheka sana. Mzee akafungua ya pili.

Hiyo ilikuwa ya Profesa Makau Mutua, ya 2013, akitangaza kwamba hatamtambua Uhuru Kenyatta kuwa rais. Sasa watu wangu ndio waliokasirika, maana Uhuru alikuwa ameshakuwa wetu. Mmoja akaapa kwamba huyo mwandishi ni wa UDA, chama cha Ruto. Kumbe ndiye aliyekuwa msemaji wa kampeni ya Raila mwaka 2022, kampeni ambayo Uhuru mwenyewe aliiunga mkono. (Na 2025 akawa mshauri wa Ruto wa masuala ya katiba, lakini siku hiyo hilo hakuna aliyeliota.)

Nilidhani mchezo umeisha, nimewaumbua watu pande zote mbili. Kijana ninayefanya naye kazi akatoa simu. "Na hizi za nani, buda?" Akaanza kusoma bila kutaja jina. Machi 2013, Mahakama ya Juu ilipothibitisha ushindi wa Uhuru: mahakama imezikwa. Septemba 2017, ilipoufuta uchaguzi kwa majaji wanne dhidi ya wawili: mashujaa wa Afrika, isipokuwa wale wawili, vibaraka. Septemba 2022, majaji wote saba walipothibitisha ushindi wa Ruto: wamenunuliwa wote saba.

Zilikuwa posti zangu mwenyewe za mtandaoni. Ukweli ni kwamba katika hukumu hizo tatu sikuwa nimesoma hata moja. Nilisoma safu za watu wangu kuhusu hizo hukumu, nikatosheka.

Ndiyo maana hili la "wamenunuliwa" linanichosha. Si kwamba ni uongo mtupu. Bahasha zipo, na wenye magazeti wana mikono mirefu. Machi 2018 waandishi wanane wa safu waliacha kuandikia magazeti ya Nation kwa mpigo, wakilalamika kwamba uhuru wa uhariri unaingiliwa, na hilo halikuwa jambo dogo. Ila mimi nani alinilipa? Hata bando nilinunua mwenyewe.

Siku hizi simuulizi mwandishi yuko na nani. Nasubiri upande wake ukosee, kisha nasoma safu yake ya wiki hiyo. Julai 2024 ilinifaa sana. Vijana waandamanaji walikuwa wamepigwa risasi Juni 25 nje ya Bunge, na kabla mwezi mmoja haujaisha vigogo wa ODM, chama cha Raila, kina Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi, wakateuliwa kuingia kwenye baraza la mawaziri la Ruto. Niliwafuatilia wale wa upande wangu mmoja mmoja. Kuna waliouliza maswali yale yale waliyouliza juzi. Kuna waliogundua ghafla uzuri wa utulivu wa taifa. Na kuna waliotuandikia kuhusu soka. Hao wa kwanza ndio bado nawatolea pesa, hata wanaponiudhi, na wawili kati yao sijawahi kukubaliana nao kuhusu ushuru.

Majina sikupi, utayapokea kama nilivyozipokea hukumu. Lakini ukipita Jeevanjee saa saba mchana, njoo na safu ya mwandishi unayempenda, ya mwaka ambao mtu wake alikuwa nje ya serikali. Makasi ninayo.