Kabla hujapandisha toleo la Zabbix msimu wa mvua

Mdogo wangu uliyeanza kazi ya seva hapa Mbeya, kusimika Zabbix, mfumo wa kufuatilia afya ya seva na mitandao, hakutakusumbua sana. Mwongozo wao uko wazi, na ukiufuata kwa utulivu, jioni hiyohiyo grafu zinaanza kujichora. Ugumu unakuja siku ya kupandisha toleo, tuseme kutoka 6.0 kwenda 7.0, na huku kwetu siku hiyo huchaguliwa kwa kutazama anga.

Seva ya Zabbix ya toleo jipya ikiwashwa mara ya kwanza, inaanza yenyewe kubadilisha muundo wa kanzidata. Haikuulizi. Kama majedwali yamebeba historia ya miaka, kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na ikishakamilika hakuna kurudi nyuma: toleo la zamani haliwezi tena kuitumia kanzidata hiyo. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na kanzidata ambayo si ya zamani wala si mpya. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yakishuka mlima Loleza, radi haziko mbali. Kwa hiyo panga kazi hii asubuhi, UPS imejaa chaji na jenereta ina mafuta. Usiipange alasiri ya Januari eti kwa sababu ofisini hakuna watu.

Nakala rudufu ndiyo ya kwanza. Simamisha zabbix-server, toa nakala ya kanzidata kwa mysqldump au pg_dump, beba na folda ya mipangilio, /etc/zabbix, kisha vihamishie vyote mashine nyingine. Halafu irejeshe nakala hiyo kwenye mashine ya majaribio. Wengi wanaruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke, maana nakala ambayo hujawahi kuirejesha huna hakika nayo. Ukishairejesha, pandisha toleo hapohapo kwenye majaribio na upime muda. Ndipo utakapomwambia bosi wako kama unahitaji nusu saa au siku nzima.

Angalia pia mahitaji ya toleo jipya. Kurasa za Zabbix 7.0 unazofungua kwenye kivinjari zinataka PHP (lugha inayoziendesha) 8.0 au zaidi, na Ubuntu 20.04 inakuja na PHP 7.4. Ukikuta hali hiyo, kazi yako imeshakuwa ya kuhamisha mfumo mzima, si ya kubadilisha toleo tu.

Kama uko Tukuyu na seva iko Mbeya mjini, ingia kwanza kwenye tmux, programu inayoacha amri ziendelee kwenye seva hata ukikatika, ndipo uandike amri yoyote. Mtandao wa simu ukipotea, kazi inaendelea, na ukirudi unaikuta ilipo. Dirisha la pili lifuatilie /var/log/zabbix/zabbix_server.log, ambamo seva inaandika asilimia ya kazi iliyokamilika. Asilimia ikikaa palepale muda mrefu, usiizime. Kagua nafasi ya diski kwa df -h, tazama kama kanzidata bado inafanya kazi, usubiri.

Maajenti ya zamani, yaani programu ndogo zinazoitumia seva taarifa kutoka mashine nyingine, yataendelea kuongea na seva mpya. Hayo utayashughulikia baadaye.

Wanaoendesha programu ndani ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji), kwa mfano Uptime Kuma, programu nyingine ya kufuatilia seva, nao wasijisahau. Andika namba ya toleo kwenye faili la compose, lenye maelekezo ya kuwasha kontena, usiache neno latest, la sivyo siku moja utavuta toleo kubwa bila kukusudia. Na data ya /app/data ikae kwenye volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, kwa sababu kontena linafutwa na kuundwa upya kila unaposasisha.

Jambo moja wageni hulisahau: mfumo unaofuatilia wenzake hauwezi kutangaza kifo chake wenyewe. Weka Uptime Kuma kwenye kompyuta ndogo ya tawi la Iringa au Njombe, iichungulie seva ya Mbeya. Na kwa kuwa faiba ikikatika barua pepe za tahadhari hazitoki, chomeka modemu ya GSM kwenye seva ya Zabbix. Zabbix inajua kutuma SMS moja kwa moja kupitia modemu hiyo, bila intaneti. Hakikisha tu laini ina salio, na kila mwezi jitumie ujumbe wa majaribio.