Re: Je, kura za mbunge zinatosha kumjua?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumjua mbunge wa Uingereza kwa kuangalia tu alivyopiga kura kwenye kodi, afya, mazingira na kadhalika. Inasaidia, ila usiishie kuhesabu ndiyo na hapana.

Mchukue Boris Johnson. Aliwahi kuahidi kulala mbele ya matingatinga kuzuia njia mpya ya kurukia ndege kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Kura ilipopigwa, Juni 2018, alikuwa Afghanistan kikazi kama waziri wa mambo ya nje. Kwenye rekodi jina lake halipo upande wowote, basi. Bunge lile haliandiki kura ya kutofungamana, yaani ya asiyechagua ndiyo wala hapana, kwa hiyo mgonjwa, msafiri na aliyekwepa makusudi wote wanaonekana sawa. Mimi pengo kama hilo hulisoma kwa makini kuliko kura kumi za kawaida.

Na angalia tarehe! Mkataba wa Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, wa kujitoa Umoja wa Ulaya, Johnson aliupinga Januari 2019, akaupinga tena tarehe 12 Machi, kisha tarehe 29 Machi akauunga mkono.

Kura nyingi huamuliwa na wanadhimu wa chama, yaani wanaowaelekeza wabunge wa chama wapige kura vipi, kwa hiyo zinakuonyesha chama zaidi ya mtu. Tafuta siku aliyowakaidi. Tarehe 18 Machi 2003, wabunge 139 wa chama cha Labour, kilichokuwa madarakani, walipiga kura kinyume na serikali yao wenyewe kuhusu vita vya Iraki. Anza na kura za aina hiyo, halafu fungua hotuba yake ya siku ileile.