Je, ni pampu inayofanya seli iwe hasi ndani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba seli ya neva iliyotulia ina milivolti -70 ndani ukilinganisha na nje, na kwamba pampu iliyo kwenye utando unaoizunguka seli hutoa sodiamu tatu kila inapoingiza potasiamu mbili. Kwenye mtihani nikaandika kuwa hiyo ndiyo sababu: chanya tatu zinatoka, mbili zinaingia, basi ndani panabaki hasi. Nimekatwa alama. Nimekosea wapi? Na pampu ikizimwa, umeme huo unapotea palepale?

JIBU: Marahaba. Tatu kwa mbili ni kweli kabisa, ila inaeleza milivolti chache tu kati ya hizo 70. Sehemu kubwa inatokana na potasiamu inayovuja.

Ndani ya seli kuna potasiamu kama milimoli 140 kwa lita, nje 4. Sodiamu ni kinyume: nje 145, ndani 12 hivi. Sasa chukua seli ambayo utando wake hauna umeme wowote, kisha ufungue vijia vinavyopitisha potasiamu peke yake. Potasiamu itatoka, maana ndani imejaa. Kila ioni (chembe yenye chaji ya umeme) inayotoka inaondoka na chaji chanya moja, na chaji hasi iliyokuwa nayo, ambayo mara nyingi imeshikwa na protini au fosfeti zisizoweza kupita, inabaki ndani bila mwenza. Hasi hizo zikiongezeka huanza kuivuta potasiamu irudi. Mwishowe zinazotoka na zinazorudi zinalingana. Kwa viwango hivyo, na joto la mwili la nyuzi 37, zinalingana kwenye milivolti -95 hivi.

Mbona basi tunapima -70? Ni sodiamu. Utando uliotulia unaipitisha kidogo sana, lakini yote mawili, wingi wake nje na uhasi wa ndani, yanaisukuma iingie. Hiyo kidogo inayopenya inapunguza uhasi.

Linalonivutia zaidi katika somo hili zima ni uchache wa ioni zinazohusika. Wengi hudhani seli lazima imwage potasiamu nyingi ndipo iwe hasi. Fanya hesabu kwa seli ya duara yenye kipenyo cha mikromita 20: ndani mna ioni za potasiamu zaidi ya bilioni 300, na zikitoka milioni 5 au 6 tu, -70 imeshapatikana. Maabara ikipima potasiamu ya ndani kabla na baada, haitaona tofauti. Chaji hizo hukaa zimebanana pande mbili za utando. Kwingineko ndani ya seli, chanya na hasi zinalingana.

Kazi kubwa ya pampu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou mwaka 1957, ni kutunza akiba: kurudisha potasiamu iliyovuja na kutoa sodiamu iliyopenya. Izime kwa sumu ya wabaini uone. Papo hapo neva inapoteza milivolti chache, zile za tatu kwa mbili. Zilizobaki huendelea kuwepo kwa sababu potasiamu bado imejaa ndani. Ila sasa hakuna anayerudisha kinachovuja, kwa hiyo viwango vya ndani na nje vinasogeleana taratibu na umeme unafifia pamoja navyo. Ungeandika hivyo kwenye mtihani, nadhani usingekatwa alama.

Wewe kama muuguzi utalikuta jambo hili wodini. Figo zikishindwa kazi, potasiamu ya damu inaweza kupanda kutoka 4 hadi 8. Rudia hesabu ileile ya potasiamu inayotoka kulingana na inayorudi: -95 inakuwa -76 hivi. Ndani ya seli hakuna kilichobadilika cha kutajika. Ni potasiamu ya nje tu iliyoongezeka, na hiyo inatosha kuivuruga misuli ya moyo hadi mapigo yakapoteza mpangilio au yakasimama. Kwa sababu hiyo potasiamu iliyokolea haidungwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja. Huchanganywa kwenye maji ya dripu na kupitishwa polepole, huku mgonjwa akiangaliwa.