Barua kwa mwanangu: taa ya unga ya siku ya Zul

Mwanangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza kuhusu ule mwaliko wa Elista, mji mkuu wa Kalmykia huko Urusi: rafiki yako Mkalmiki anakwambia kwao kuna siku ya Zul, watu wote wanaongeza mwaka mmoja jioni hiyohiyo, na kila mtu anafinyangiwa taa ya unga yenye tambi kwa hesabu ya umri wake. Unataka kujua ni jambo gani hilo, na utashirikije usije ukawakosea wenyeji.

Zul ni siku ya 25 ya mwezi wa kwanza wa baridi kwa kalenda yao ya mwezi, na mara nyingi huangukia Desemba. Wakalmiki ni Wabudha, wazao wa Wamongolia wa magharibi waliohamia nyika za sehemu ya chini ya mto Volga katika karne ya 17. Hekaluni siku hiyo wanamkumbuka Tsongkhapa, mwalimu mkuu wa madhehebu yao aliyefariki mwaka 1419, ambaye wao humwita Zunkava. Nyumbani, hata hivyo, kinachoshughulikiwa ni umri. Tarehe ya kuzaliwa haina kazi. Kitoto cha wiki moja na bibi wa miaka 80 wanavuka mwaka pamoja, na taa ya kila mmoja ni dua ya maisha marefu. Ndiyo maana hesabu ya tambi haifanywi kwa kukisia.

Sasa taa yenyewe. Chukua unga wa ngano gramu 200 na maji kama mililita 90, bila chumvi wala hamira. Kanda mpaka donge liwe gumu, lisiloshika mkononi. Ukizidisha maji, kuta zitalegea samli ikipata moto, na taa itamwagika kabla tambi hazijaisha. Finyanga kibakuli au umbo la mtumbwi, kitako kinene kuliko kuta, kisha kiache kikauke kidogo.

Tambi ni mabua membamba makavu ya nyasi za nyikani, kila bua likiviringishwa pamba. Viringisha kwa kukaza, maana pamba iliyolegea huwaka yote kwa mkupuo mmoja. Kata mabua yalingane urefu, sentimita tano hivi yatosha, uyasimamishe kwa kuyachomeka kwenye kitako cha unga. Yape nafasi. Yakibanana, ndimi za moto zinaungana, samli inachemka na unga unaungua, kwa hiyo taa ya mzee lazima iwe pana. Siagi ichemshwe polepole mpaka maji yote yakauke, kisha ichujwe iwe samli ya kutia kwenye taa, kwa sababu tone la maji hurusha cheche. Iweke taa juu ya sinia la chuma.

Kuhusu idadi: hesabu miaka yako, halafu huongezwa tambi kidogo kwa ajili ya miaka inayokuja. Nyongeza hiyo hutofautiana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo muulize mama mwenye nyumba na ufuate la kwake. Usimpinge kwa ulichosoma. Mahekalu yao yalifungwa miaka ya 1930, na tarehe 28 Desemba 1943 taifa zima likaanza kuhamishwa kwa nguvu na serikali ya Sovieti kupelekwa Siberia na kwingineko, wakaruhusiwa kurudi kuanzia 1957. Mengi yaliyosalia yalisalia mikononi mwa bibi zao, na kila bibi alihifadhi ya ukoo wake.

Taa huwashwa nyota zikianza kuonekana. Usiipulize kwa mdomo hata kidogo. Iache iishe yenyewe. Kama dini yako inakuzuia kusujudu mbele ya madhabahu, mwambie rafiki yako mapema, kabla ya jioni yenyewe. Kukaa kwa adabu kunatosha.

Watakuhadithia pia Jangar, utenzi wao mkubwa. Mwaka 1908 msomi Mkalmiki Nomto Ochirov aliunakili kutoka kwa mghani Eelyan Ovla. Nchi ya Jangar, shujaa wa utenzi huo, inaitwa Bumba: hakuna kifo, na watu wake hubaki daima kama wenye miaka 25. Kwa Zul hii wewe unafika 25, basi tegemea kutaniwa.

Chai yao, ambayo wao huiita jomba, ndiyo itakayokushtua, kwani inatiwa chumvi badala ya sukari. Majani yaliyoshindiliwa kama tofali huchemshwa kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, yakachujwa, ndipo maziwa yakaingia, kisha siagi, chumvi na kungumanga iliyoparwa. Halafu huchotwa kwa upawa na kumiminwa tena sufuriani mara nyingi, mpaka siagi ichanganyike isielee juu. Wanasimulia kwamba Zunkava aliugua, tabibu akamwamuru anywe kinywaji hiki siku saba kabla ya kula chochote, naye akapona siku ya Zul, akaagiza taa ziwashwe. Pembeni kuna bortsog, ambazo ni kama mandazi yasiyo matamu. Kikombe cha kwanza na kipande cha kwanza huitwa deeji, huwekwa madhabahuni kabla mtu yeyote hajaonja. Njaa ikikuuma, ngoja.

Pokea kikombe kwa mikono miwili. Usikanyage kizingiti wala kukikalia. Motoni usiteme mate, usitupe taka, usichokoe kwa kisu, kwa maana moto una mwenyewe na hutolewa sadaka. Ukizunguka kitu chochote kitakatifu, zunguka kufuata mwendo wa jua. Ukiona picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, huyo ni Tsagan Aav, mlinzi wa ardhi na wa maisha marefu, na swala wa nyikani waitwao saiga ni mifugo yake.

Usiende mikono mitupu. Chukua chai, siagi na peremende, vitu vya rangi nyeupe vikiwa mbele, na uvikabidhi kwa mkubwa wa nyumba kabla hujaketi.

Mama yako