Kabla hamjakodi kamera, nendeni mkasikilize

Juzi usiku kijana mmoja anayesoma filamu mwaka wa pili hapa Dar aliniandikia: "Dada, filamu yetu imeharibika. Sauti haisikiki, na aliyekuwa anashika maiki ametoka kwenye grupu. Jumamosi tunarudia kushuti kulekule ufukweni, kuanzia saa nne asubuhi. Tukodi kamera gani?"

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Kamera waliyotumia naijua, haina tatizo lolote. Kilichonichoma ni habari ya mwenye maiki. Na mimi wangu nilimfukuza, mbele ya darasa zima, na mpaka leo hatujakaa tukayamaliza. Kwa hiyo mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Ilikuwa Julai. Tulikuwa wanafunzi sita, kila mmoja alitoa shilingi 30,000, zikawa 180,000 za nauli, chakula na bajaji ya kubebea vifaa. Kamera ilikuwa ya chuo, tuliruhusiwa kukaa nayo kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Hadithi niliiandika mwenyewe: binti anamfuata baba yake mvuvi ufukweni kumwambia kwamba ameacha chuo, na baba hajui aanzie wapi kumwambia kwamba mashua ameshaiuza kwa ajili ya ada. Dakika nane, watu wawili, nyavu na ngalawa moja ya jirani. Naamini mpaka leo ilikuwa hadithi nzuri. Niliilia wakati naiandika.

Lokesheni nilichagua Kunduchi. Nilikuwa nimefika pale mara moja tu, jioni, kutembea na dada yangu, nikaipenda rangi ya maji, nikasema ni hapahapa. Hakuna aliyerudi kwenda kuangalia. Tulitumia wiki mbili kubishana kuhusu lenzi, na hatukutumia hata saa moja kwenda kukaa mahali tutakaposhuti.

Siku yenyewe tulikubaliana kukutana Mwenge saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka wote tukusanyike na kufika Kunduchi Mtongani ilikuwa saa tatu na nusu. Tulikuta bahari imetoka mbali, ngalawa imelala ubavu kwenye mchanga mkavu. Ilipendeza mno. Tukaanza na picha pana: baba anashona nyavu, binti anakuja kwa mbali. Baba aliigizwa na mzee wa mtaani kwetu ambaye hakutaka hata senti, alikuja na kanzu mbili ili nichague. Saa saba tukasimama kula wali maharage. Hapo ndipo mvuvi mmoja aliyekuwa anarekebisha dema lake la kunasia samaki alituita: "Wanangu, leo bamvua. Maji yakirudi hapo hamtasimama."

Nikamjibu, "Ahsante baba, tunamalizia."

Hatukuwa tunamalizia. Saa tisa alasiri ndiyo tulikuwa tunashuti picha za karibu za mazungumzo yaleyale, na maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya mzee. Ngalawa inaelea. Tukawasogeza waigizaji juu kidogo, nikajiambia kwamba picha ya karibu haionyeshi bahari. Inaonyesha. Nilipokaa kuhariri niliona baba anauliza swali nyuma yake kuna mchanga mkavu, binti anajibu bahari ikiwa imejaa nyuma ya sikio lake, tukirudi kwa baba mchanga mkavu tena. Mazungumzo ya dakika mbili, bahari imejaa na kupwa mara nne.

Mimi ni mtoto wa Dar. Nimekula samaki wa bahari hii tangu nina meno, na sikujua kitu ambacho kila mvuvi anakijua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, na hapa kwetu maji yanaweza kupanda zaidi ya mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa. Siku hizo bahari inakuwa imetoka kabisa karibu saa nne asubuhi na imejaa kabisa karibu saa kumi jioni, yaani siku nzima ya kushuti inakwenda na maji yakipanda. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, na hapo mtu anaweza kushuti kwa utulivu. Ratiba ya maji ipo bure kwenye simu. Hata bila simu, mwulize mvuvi, na akikujibu, msikilize. Nilikuwa na mtaalamu wa bahari hatua kumi kutoka kwenye kamera yangu, nikamshukuru kwa adabu na kumpuuza.

Sasa sauti. Julai ni majira ya kusi, na mchana kusi inavuma kwelikweli. Rafiki yangu aliyekuwa anarekodi sauti alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza akasema, "Upepo unapiga maiki, tuhamie nyuma ya ule ukuta." Mara ya pili alivua hedifoni akanivalisha nisikie mwenyewe. Nikasikia, nikamrudishia, nikasema jua linakwenda, tutasafisha kwenye kompyuta. Jamani, upepo ukishagonga maiki umegonga. Ukijaribu kuufuta unafuta na maneno, watu wanabaki wanaongea kama wako ndani ya ndoo.

Siku ya kuonyesha kazi darasani mwalimu alisimamisha filamu dakika ya nne. Alisema, "Siwezi kutoa maksi kwa kitu nisichokisikia." Darasa likawa kimya. Na mimi, niliyekuwa nimevaa zile hedifoni kwa masikio yangu mwenyewe, niligeuka nikamnyooshea kidole rafiki yangu. Nikasema sauti ilikuwa kazi yake. Hakujitetea. Alichukua begi lake akatoka. Leo anauza vifaa vya simu Kariakoo, na sijasikia kwamba amewahi kushika tena kinasa sauti. Alikuwa na masikio kuliko sisi wote.

Ndiyo maana nakasirika mtu akiniuliza kwanza habari za kamera.

Filamu ya pili ilitufundisha kwa uchungu mwingine. Tulishuti usiku kwenye nyumba ya mama mmoja Sinza aliyetupa sebule yake bure. Tulizima friji ili isingurume, hilo tulikuwa tumeshajifunza. Tukamaliza saa saba usiku tumechoka, tukaondoka bila kuliwasha. Asubuhi samaki wake wa biashara wote walikuwa wameharibika. Tulichanga 45,000 tukamlipa, akazipokea bila neno, na hakutufungulia mlango tena. Sasa hivi nikizima friji la mtu naweka funguo zangu za nyumbani ndani yake. Siwezi kuondoka bila kulifungua. Fanya hivyo, usitegemee kumbukumbu.

Usiku uleule picha za simu tuliyoitumia kama kamera ya pili zilitoka na mistari ya giza inayopanda na kushuka kila taa ilipoonekana. Tulidhani simu ni mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinapepesa kuufuata, lakini simu ilikuwa inarekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ilikuwa moja ya 60 ya sekunde, kwa hiyo haviendi pamoja. Ukiweka fremu 25 na shata moja ya 50, taa nyingi za nyumbani zinatulia. Dakika mbili za kujaribu mchana wake zingetuonyesha, lakini tulifika na giza.

Mwezi uliopita filamu yangu ya tatu ilionyeshwa mbele ya watu kama arobaini. Ni chumba kimoja, mama na mwanawe, kamera ya kawaida kabisa. Kuna mahali mama anaacha kuongea na unasikia kijiko kikigonga kikombe, na ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza ukisubiri. Najivunia kijiko kile. Nilikwenda kwenye chumba hicho mara nne kabla ya kushuti, saa ileile, siku ileile ya wiki. Mara ya kwanza niligundua fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya tatu. Mara ya pili kwaya inafanya mazoezi kuanzia saa kumi. Adhana ya alasiri nikaipangia mapumziko ya chai. Kila sini ikiisha tulinyamaza wote dakika nzima, tukarekodi ukimya wa chumba chenyewe, maana kila chumba kina ukimya wake na bila huo, ukihariri, mahali ulipounganisha vipande vya sauti panasikika.

Basi nendeni. Nendeni mapema, saa ileile mtakayoshuti, na siku ileile, kwa sababu Jumanne ya Manzese na Jumamosi ya Manzese ni miji miwili. Kaeni dakika kumi mmefumba macho. Andikeni kila mnachosikia. Mwenye masikio mazuri atangulie mbele, na akisema hapafai, hapafai, hata kama dairekta ameshapapenda. Dairekta asiyeambilika anaharibu kazi ya watu sita, na pesa za watu sita. Mambo ya karatasi pia yamalizeni mapema: barua ya chuo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kibali cha Bodi ya Filamu, maana sheria ya filamu ipo tangu 1976 na kuwa mwanafunzi si sababu ya kutouliza. Na kila jioni nakilini kazi sehemu tatu, mojawapo ilale nyumba nyingine.

Mdogo wangu, nimeangalia kalenda. Mwezi unaandama Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi yako ni bamvua. Saa nne utakuta mchanga mkavu, saa tisa utakuwa ndani ya maji. Anza na picha za karibu na picha pana za mazungumzo mfululizo, sini moja mpaka iishe, au sogeza siku kwa wiki moja. Mimi ningesogeza. Hiyo wiki itumie kwenda nyumbani kwa huyo aliyetoka kwenye grupu. Usimtumie meseji, nenda mwenyewe, na muulize siku ile alikuwa anasikia nini.

Mimi Jumatatu nakwenda Kariakoo.